Kipimo cha Spesioza

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mkojo wa mzee nisiyemjua, nikaambiwa niuchemshe. Nilikuwa nimetoka chuo cha maabara na cheti changu kwenye bahasha, nimevaa koti jeupe alilonishonea mama yangu kwa cherehani ya jirani, na nilitegemea kuonyeshwa darubini. Badala yake Mkuu wa Maabara, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi pembeni, alinipa kijibomba cha kioo, koleo la mbao na taa ya spiriti.

“Dawa ya buluu, kina cha vidole viwili,” alisema. “Mkojo, matone manane. Chemsha, na usiondoe macho.”

Ile dawa ya buluu wanafunzi wa sekondari wanaijua kwa jina la mzungu aliyeitengeneza. Ilianza kutokota, ikawa kijani, kisha njano, halafu ikatulia kwenye rangi ya tofali la kuchoma.

“Umeona nini?”

“Nyekundu, mzee.”

“Sijakuuliza rangi. Nimekuuliza umeona nini.”

Mkuu wa Maabara akachukua kijibomba, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. “Umeona ugali aliokula jana ukimwagika chooni. Ameshiba, na mwili wake una njaa. Haya, andika plasi nne, weka sahihi. Na ujue, ukishaweka sahihi daktari atakuamini wewe kuliko anavyomwamini mgonjwa mwenyewe.”

Hapo palikuwa kituo cha afya kimoja mjini Kasulu. Sitakitaja jina, wala hospitali niliyoishia upande wa Kibondo sitaitaja, kwa sababu walioko leo siyo waliokuwako siku hizo. Ninayoyaandika ni ya kwangu.

Ninyi vijana mnaosomea maabara sasa mmezoea mashine inayotema namba. Sisi tulisomea kwa macho na pua. Mkuu wa Maabara alikuwa akitufundisha kemia ya mwili kwa vitu vya jikoni. Wanga, alisema, ni mnyororo mrefu, na kila shanga ya mnyororo huo ni glukosi. Tafuna tonge la ugali wa muhogo bila mboga, usilimeze upesi. Likianza kuwa tamu mdomoni, basi kimeng'enya kilichomo kwenye mate kimeshaanza kukata mnyororo. Glukosi huingia kwenye damu, ikafika kwenye kila seli, na seli huichoma polepole, kama mama anavyochochea moto mdogo chini ya chungu cha maharage.

Protini nazo ni mnyororo, ila shanga zake ni amino asidi, za aina ishirini, na mpangilio wa shanga ndio unaoamua kama itakuwa msuli, ukucha, kimeng'enya, au himoglobini inayobeba hewa kwenye damu. Mafuta ni akiba, kama mawese kwenye galoni yanayongoja siku ya shida. Na maji ndiyo yanayobeba vyote, pamoja na chumvi zake, sodiamu na potasiamu, ambazo zikizidi au zikipungua kidogo tu moyo hukosea mapigo.

Haya niliyapenda. Nilikuwa msichana wa nyumba ya watu wa asili ya Burundi, tulioongea lugha ya nyumbani mpaka darasa la kwanza ndipo tukakutana na Kiswahili, na nilidhani nimepata ufunguo wa kila kitu. Haukupita mwaka nikajua kwamba kujua si kuweza.

Mama mmoja alikuja maabara akiwa na mtoto wa miaka miwili mgongoni. “Mwakeye, muganga,” alinisalimu kwa lugha ya kwetu, kisha akaendelea kwa Kiswahili cha taratibu. “Huyu amenenepa tangu nimwachishe ziwa. Mbona nesi anasema ana njaa?”

Nilibonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba. Shimo lilibaki pale pale. Nilipima damu: albumini ilikuwa chini sana. Albumini ni protini inayotengenezwa na ini, na kazi yake mojawapo ni kuyazuia maji yasitoroke kwenye mishipa. Mtoto akilishwa ugali mtupu, ini halina shanga za kutungia, maji yanavuja, miguu inajaa na uso unavimba, na mama anadhani mwanawe amenawiri. Jibu la kemia nilikuwa nalo. Jibu la wapi mama yule angepata maharage na dagaa kila siku sikuwa nalo. Mtoto alikufa wiki hiyo hiyo, mashavu yake yamejaa.

Nilikuwa na miaka kadhaa kazini alipoletwa Spesioza. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba yake, Mzee Filipo, mkulima wa Rungwe Mpya, alimleta asubuhi kwa baiskeli, amemfunga mgongoni mwake kwa kitenge kama mtoto mchanga kwa sababu hakuweza tena kujishikilia. Nilikuwa napita wodini kuchukua sampuli nikasikia harufu. Ilikuwa harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, zile tunazokamulia urwarwa, pombe ya kwetu, na ilikuwa inatoka kwenye pumzi ya yule binti. Alikuwa akivuta hewa kwa nguvu, kifua kinapanda na kushuka kama mtu aliyepanda mlima. Kwenye cheti chake waliandika malaria kali, na dripu ilikuwa imeshatundikwa. Dripu yenyewe ilikuwa ya glukosi.

Niliomba mkojo wake, nikakimbia nao. Dawa ya buluu haikupita hata kwenye kijani, ilirukia rangi ya tofali. Nilirudi wodini kijibomba kikiwa bado cha moto.

“Daktari,” nilimwambia Tabibu wa zamu, “hiyo dripu isimamishwe, tafadhali.”

“Nani kasema?”

“Ana kisukari. Sukari imejaa na bado tunamwongezea.”

Wauguzi wawili waligeuka. Tabibu wa zamu alikuwa mtu mzima, aliyekuwa akitibu kabla sijazaliwa. “Binti, wewe ni wa maabara. Umeanza lini kutibu?”

Nilimpa kijibomba. Alikiangalia, akainama akanusa pumzi ya mtoto. Kisha akafunga dripu kwa mkono wake mwenyewe. “Leteni maji ya chumvi,” alisema. “Na mtu apande pikipiki aende hospitali ya Kabanga kuomba insulini.” Nimekutana na wakubwa wengi tangu hapo, lakini ni wachache niliowaona wakibadili mawazo mbele ya watu walio chini yao.

Siku ya tatu Spesioza alifumbua macho akaomba uji.

Alikaa wodini wiki kadhaa, na kila nikipata nafasi nilikaa kitandani kwake. Alikuwa anauliza kama mtu anayedai.

“Kwa nini nilinuka?”

“Seli zako zilikosa glukosi, zikaanza kuchoma mafuta. Mafuta yakichomwa hivyo hovyo huacha moshi wake kwenye damu. Tunauita ketoni. Ni tindikali, ndiyo maana ulikuwa unahema.”

“Lakini si ulisema sukari ilikuwa imejaa?”

“Ilijaa nje ya mlango. Insulini ndiyo inayofungua, na mwili wako umeacha kuitengeneza.”

“Basi nipeni niimeze. Kwa nini mnanichoma?”

“Insulini ni protini, mwanangu. Ukiimeza, tumbo litaikata shanga shanga kama linavyokata maharage.”

Alifikiri. “Na ikipata joto?”

“Yai likishachemka, unaweza kulirudisha bichi?”

Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mzee Filipo aliposikia habari ya joto alirudi Rungwe Mpya, akaufukia mtungi kwenye mchanga mbichi kivulini mwa nyumba, na humo ndimo dawa ya mwanawe ilikaa kwa miaka. Kila mwezi walinijia, baba na binti, kwa baiskeli ile ile. Mzee aliniita Mama, ingawa alinizidi umri. “Mama, huyu siyo wangu peke yangu tena,” alikuwa akisema. “Tumezaa wote.”

Nilihamishiwa upande wa Kibondo, kwenye hospitali ndogo, nikiwa sasa mimi ndiye Mkuu wa Maabara. Barua ya uhamisho ilinikuta nikiwa nimefiwa na mume, nikaona bora niondoke. Miaka ilipita. Siku moja akaingia mwanamke kijana maabara, mrefu, na mkoba wa vitabu begani.

“Mama Maabara,” aliniita. “Hunijui?”

Alikuwa Spesioza. Alikuwa mwalimu wa Biolojia, amepangiwa shule ya sekondari ya karibu, na aliniletea mumewe nimwone, Dismas, mwalimu wa Hisabati, kijana mpole wa kanisa la wokovu aliyesimama mlangoni mpaka nilipomwambia akae.

Aliwahi kunialika darasani kwake. Nilikaa dawati la nyuma na wanafunzi. Aliandika ubaoni maji, wanga, mafuta, protini, DNA. Akaeleza kwamba DNA ndiyo maandishi ya urithi, kwamba ndani yake kuna mpangilio wa kila protini ambayo mwili unaitunga. Kisha akatoa sindano kwenye mkoba, akainua ncha ya blauzi, akajichoma tumboni mbele ya darasa zima. “Hii ndiyo protini ambayo mwili wangu umeshindwa kuitunga,” alisema. “Wengine wote humu mnaitunga bila kujua. Mshukuruni Mungu, kisha mfungue ukurasa unaofuata.” Nilitoka pale nikijiambia kwamba hata kama sikufanya kingine chochote duniani, hiki nimefanya.

Hospitali ile ilipewa mashine ya kemia. Mnaijua kazi yake: unaweka damu kidogo, unaweka kitendanishi, yaani dawa ya kipimo, mashine inasoma rangi na kukupa namba. Kitendanishi cha glukosi ndani yake kina kimeng'enya, na kimeng'enya ni protini, na habari za protini na joto mmeshazisikia. Umeme ulikatika siku nyingi mfululizo, jokofu likawa kabati. Umeme uliporudi, nilipima kwanza sampuli ya udhibiti, ile ambayo thamani yake inajulikana tangu kiwandani ili uone kama mashine inasema kweli. Ilipaswa kusoma kumi na sita. Ilisoma saba. Nikarudia. Saba. Kimeng'enya kilikuwa kimelegea, rangi haikolei, na mashine ingeisoma kila damu kuwa na sukari kidogo kuliko iliyo nayo.

Nilikwenda kwa Mganga Mfawidhi, ambaye ndiye aliyekuwa akiiongoza hospitali. Alikuwa kijana kwangu, mchapakazi, na sitaki mumwone kama shetani.

“Mashine inawaka, Mama Maabara?”

“Inawaka, daktari. Lakini inadanganya. Vitendanishi vimeharibika.”

“Vingine?”

“Nimeagiza mara tatu.”

Aliweka kalamu chini. “Wageni wa mkoani wanafika kesho, na wanakuja kuiona hiyo hiyo. Nikiwaambia imesimama wataichukua waipeleke kwingine. Halafu wagonjwa wetu wapimiwe wapi?”

“Itatoa majibu ya uongo.”

“Wiki moja tu, mama. Vitendanishi vipya viko njiani. Mimi na wewe tusiangushane.”

Ningeweza kukataa. Nataka hilo lieleweke vizuri, maana watu husema wakubwa hulazimisha. Hakunilazimisha. Nilirudi maabara, nikafungua daftari la udhibiti, na mahali pa kuandika saba nikaandika kumi na tano nukta nne. Mwandiko wangu haukutetemeka.

Kesho yake wageni wakiwa kwenye korido, Spesioza akaja. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Vijiti vya kipimo chake cha nyumbani vilikuwa vimemwishia, na maduka ya dawa ya Kibondo hayakuwa navyo wiki ile.

“Mama, nakunywa maji kama ng'ombe,” alisema. “Na natapika. Nahisi sukari imepanda.”

Nilitoa damu yake, nikaiweka kwenye mashine. Nyuma yangu mgeni mmoja alikuwa akimsifu Mganga Mfawidhi kwa usafi wa chumba. Mashine ilitoa nane nukta moja. Kwa aliyekwisha kula si mbaya.

Spesioza aliitazama karatasi. “Una uhakika na kipimo, Mama? Mwili huu nimeuzoea. Hauniambii nane.”

Chupa ya dawa ya buluu ilikuwa kwenye rafu, inchi chache juu ya kichwa chake. Matone manane ya mkojo, dakika tano za moto. Lakini ningeichemsha mbele ya wageni, na rangi ya tofali ingetoka, na wangeuliza kwa nini mashine mpya inasema hivi na kijibomba kinasema vile, na wangefungua daftari. Niliyafikiri yote hayo kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kuyaandika.

“Nina uhakika, mwanangu,” nilisema. “Ni mimba tu hiyo.”

Mimba hutengeneza homoni zinazoipinga insulini, kwa hiyo mwenye kisukari huhitaji insulini zaidi mwezi baada ya mwezi. Daktari aliyemwona alijua hivyo. Lakini alikuwa na karatasi yenye sahihi yangu, na mgonjwa anayetapika. Aliogopa sukari isije ikashuka mno. Akampunguzia dozi.

Siku ya tatu, kabla ya saa sita mchana, gari la kukodi lilisimama mbele ya wodi. Dismas alishuka amembeba mkewe. Sikuhitaji kipimo, nilisikia ile harufu nikiwa mlangoni. Wodini walimpima kwa kijiti cha kidoleni kilichobaki kwa ajili ya dharura, kikaonyesha kwamba sukari imepita uwezo wa kipimo chenyewe. Walimtundikia maji ya chumvi, wakampa insulini, walifanya kila kinachopaswa kufanywa. Nilisimama kando ya kitanda. Alifumbua macho akaniona.

“Pima tena,” aliniambia.

Nilimshika mkono. Alikufa saa tisa alasiri, na mtoto wake tumboni.

Mazishi yalikuwa Rungwe Mpya. Mganga Mfawidhi alikuwa ameandika muhtasari wa kifo, na ndugu walisomewa: siku tatu kabla, sukari ya marehemu ilikuwa ya kawaida, alirudi ikiwa imepanda kupita kiasi, inaelekea aliacha dawa. Kwa mtu mwenye kufuata namba, hilo ndilo jibu pekee. Na watu walikwisha kunong'ona kuhusu kanisa la Dismas, kwamba huko huwa wanaambiwa waache dawa waombe.

Mzee Filipo alisimama mbele ya waombolezaji. Sauti yake haikupanda. “Nilikupa mtoto niliyembeba mgongoni,” alimwambia mkwewe. “Ukamwambia aombe aache sindano?”

“Baba, hapana. Alijichoma kila siku. Mimi nilikuwa namwona.”

“Hospitali ilimpima. Alikuwa mzima.”

“Sijui, baba. Sijui walipimaje. Lakini alijichoma.”

“Usilale kwenye boma langu,” Mzee Filipo alisema.

Dismas alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumtetea. Macho yake yalifika kwangu. Mimi nilikuwa mgeni wa heshima, Mama Maabara, nimepewa kiti cha mbele. Nilitazama mikono yangu. Kijana yule aliondoka kaburi likiwa bado halijapata maua, na hakuna aliyemsindikiza.

Vitendanishi vipya vilifika wiki iliyofuata. Mashine ilisoma kumi na sita.

Mtaniuliza kwa nini nilikaa kimya. Mwanzoni nilijiambia nangoja msiba upoe. Kisha nikajiambia kwamba kusema hakutamfufua. Kisha miaka miwili ikawa imebaki nistaafu, na nikagundua kwamba naihesabu. Nilifanya kazi hiyo miaka miwili kwa uangalifu ambao sikuwahi kuwa nao, nikapima sampuli ya udhibiti asubuhi na mchana, nikawagombeza vijana kwa kosa la nukta moja. Walisema mama amekuwa mkali. Siku ya kuniaga walinipa kitenge na saa ya ukutani, na Mganga Mfawidhi akasema mbele ya watumishi wote kwamba katika maisha yake ya kazi hajaona mtu mwenye majibu ya kuaminika kama mimi. Walipiga makofi. Sidhani alikuwa ananikejeli. Nadhani alikuwa amesahau, au amejifunza kusahau, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Nilirudi Kasulu. Mtu aliyestaafu ana asubuhi ndefu. Ilinichukua miaka mingine miwili kupanda gari kwenda Rungwe Mpya.

Mzee Filipo alikuwa akianika muhogo uani. Alifurahi, akaniletea kiti, akaita ndani walete maji. Nilimwomba akae. Nilimweleza yote: joto, kimeng'enya, saba na kumi na sita, daftari, wageni, chupa kwenye rafu. Nilieleza kama nilivyozoea kueleza, hatua kwa hatua, mpaka nikajichukia kwa jinsi nilivyoeleza vizuri.

Kuku walikuja kwenye muhogo na hakuwafukuza.

“Kwa hiyo alijichoma,” alisema hatimaye.

“Alijichoma kila siku.”

“Na yule kijana nilimfukuza msibani.”

“Ndiyo.”

“Na wewe ulikuwa umekaa pale.”

“Nilikuwa nimekaa pale, mzee.”

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alitaka kujua Dismas yuko wapi. Tulitafuta kwa simu kwa watu wa shule, tukaambiwa aliacha ualimu mwaka ule ule, akaenda upande wa Mpanda, huko anauza mbao. Namba tuliipata kwa shida. Mzee alinikabidhi simu. “Mpigie wewe,” alisema. “Mimi sina mdomo.”

Dismas alipokea. Nilijitambulisha, nikamwambia yote, tena kwa mara ya pili siku hiyo, na sauti yangu sasa haikuwa na mpangilio. Upande wa pili nilisikia msumeno wa mashine ukikata mti, kisha ukanyamaza.

“Mama,” alisema, “mimi nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa namwona akijichoma. Ninyi ndio mlikuwa hamjui.” Akakata.

Mzee Filipo aliuliza amesemaje. Nikamwambia neno kwa neno. Akaingia ndani, na mkewe akatoka akasema kwa lugha ya kwetu kwamba nitangulie, gari la mwisho litanipita.

Nimeshaandika barua kwa uongozi wa hospitali ile nikieleza kosa langu, nikaweka sahihi. Haijajibiwa. Dismas hajapokea simu tena. Vijana wa hapa mtaani hunijia na vitabu vyao vya Biolojia, niwaeleze mambo ya vimeng'enya na ketoni, na ninawaeleza, maana ndicho ninachokijua. Wananishukuru. Wengine husema wangependa kuwa kama mimi, nami hubadili mazungumzo.

Msinitake niwape fundisho la kufunga nalo. Molekuli hazijui wageni wa mkoani, hazijui uhamisho wala kiinua mgongo. Nilijua hivyo tangu mwaka wangu wa kwanza kazini, na kujua hakukunisaidia siku moja niliyohitaji. Kama kuna dawa ya hilo, mimi sikuipata.

Rungwe Mpya bado naenda, mara moja kwa miezi kadhaa, kwenye kaburi. Mzee Filipo hanifukuzi. Ananiletea kiti, ananiuliza habari za Kasulu. Lakini haniiti tena Mama. Ananiita mtaalamu.